Kutia Bildi

Mzunguko mzima wa kunakili data ulipaswa kuisha ndani ya dakika moja. Mwaka wa kwanza wa mfumo ule uliisha hivyo kweli. Mwaka wa pili ukawa dakika tatu, na hakuna aliyejali. Nani agombane na mashine kwa dakika mbili? Mwaka wa tatu zikawa sita. Nilipoanza kazi pale Mtwara, wiki chache kabla ya msimu wa korosho kufunguliwa, zilikuwa kumi na moja. Taa za seva ziliwaka kijani. Ripoti ya kila asubuhi ilisema kazi imekamilika salama, na ilisema kweli. Wakubwa waliwaza maghala na magunia. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiziandika dakika zile kwenye kijidaftari, tarehe kwa tarehe, kwa kalamu.

Mtu huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimwita dada kwa kuwa alinizidi umri na ujuzi, naye akiniita mdogo wangu. Jina lake naliacha, na la ofisi yetu vilevile. Ninachotaka kusimulia ni kazi ya mikono yake: jinsi alivyoitafuta sababu ya kitu ambacho hakijaharibika ila kinachelewa, na leo kinachelewa kidogo kuliko jana.

Anayetaka kuuona uzuri wa kazi ile sharti kwanza ajue logi ni nini. Twende kwenye chama cha msingi siku ya kupokea korosho. Mkulima akishusha mzigo, karani hakimbilii daftari kuu. Mzigo unapimwa, uzito unaandikwa kwenye karatasi, mkulima anaondoka na stakabadhi yake, na hesabu kubwa ya ghala inafuata. Daftari kuu likilowa mvua jioni ile, hesabu yote inajengwa upya kutoka kwenye vishina vya stakabadhi. Wana Mtwara wanaujua vizuri utaratibu huu. Sheria ya stakabadhi ghalani ilitungwa mwaka 2005, na miaka miwili baadaye korosho za mkoa huu zikaanza kuuzwa kwa njia hiyo.

Kanzidata nayo hufanya hivyohivyo. Kabla haijagusa ukurasa wenye salio la mtu, inaandika kwanza kwenye logi: muamala namba fulani, hapa palikuwa hivi, sasa pawe hivi. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka tena inaisoma logi ile. Miamala iliyokwisha kuthibitishwa inarudiwa; iliyoachwa njiani inatenguliwa kana kwamba haikuanza kamwe. C. Mohan na wenzake wa IBM waliipanga njia hiyo hatua kwa hatua katika andiko la mwaka 1992 waliloliita ARIES. Kabla yao, Jim Gray alikuwa ameshaeleza kwa kina muamala ni nini na una ahadi gani kwa mwenye mali, kazi iliyompatia Tuzo ya Turing mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 Gray alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco kuelekea visiwa vya Farallon, akamwage majivu ya mama yake baharini. Hakuonekana tena. Marafiki zake walikusanya picha za setilaiti, na maelfu ya watu wakajitolea kuzikagua kipande kwa kipande. Dada alinisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, kama watu wa pwani wanavyosimulia habari za chombo kisichorudi.

Nakala za akiba za data ofisini tuliziita bakapu. Barua rasmi husema nakala rudufu. Wapo waliotafsiri programu za kompyuta wakachagua neno chelezo, na dada alilipenda hilo kuliko yote, kwa sababu alikuwa akilijua tangu utoto wake kule Msimbati: chelezo ni boya linalofungwa kwenye kamba ya nanga, likaelea juu kuonyesha kilicho chini kiko wapi. Kamba ikikatika, boya bado lipo, lakini linaonyesha mahali pasipo na kitu.

Kamba yetu ilikuwa na vifundo vingi. Kila usiku tulichukua nakala nzima ya kila moja ya kanzidata zetu 20, kisha kila robo saa tukanakili logi, mara 96 kwa siku. Kila nakala ya logi huanzia palepale ilipoishia iliyotangulia. Kikipotea kifundo kimoja, vyote vinavyofuata havina pa kushika hadi nakala nzima nyingine. Tena, kwa mpangilio tuliokuwa nao, logi haiachii nafasi yake mpaka iwe imenakiliwa. Nakala zikikwama, logi inanenepa, diski inajaa, na hapo karani hawezi kuandika hata gunia moja.

Ndiyo maana dakika kumi na moja zilimnyima dada usingizi. Ahadi yetu kwa mkulima ilikuwa kwamba likitokea lolote, tutapoteza kazi ya robo saa tu, basi. Mzunguko ukivuka dakika kumi na tano, unaofuata hauanzi, maana wa kwanza haujaisha. Zamu inarukwa, na ahadi ya robo saa inakuwa nusu saa bila tangazo wala kengele. Nusu saa ya Oktoba, foleni ikiwa imefika barabarani, ni watu wengi na magunia mengi.

Wala "lolote" si maneno ya kutishana huku kwetu. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitakiwa kuhama mabondeni wakati Kimbunga Kenneth kikija. Tarehe 25 kikatua ng'ambo, Cabo Delgado, na jirani zetu wa Msumbiji wakaumia. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikadhoofika nchi nzima. Mwezi mmoja ulitosha kumfundisha mtu wa kusini kwamba nakala ikae palepale karibu, na nyingine ikae mbali, na zote mbili zifike kwa wakati.

Siku aliyoamua kulishughulikia jambo lile, nilidhani ataanza kwa kuizima seva na kuiwasha. Alifungua kijidaftari, akanipa karatasi ya miraba, akaniambia nichore: tarehe chini, dakika pembeni. Nilichora hadi saa nne asubuhi. Kisha akaweka kidole kwenye mstari.

"Mstari ukiruka ghafla kama ngazi," akasema, "tafuta mtu. Kuna aliyebadilisha kitu siku ile. Ukipanda na kushuka kwa zamu, kama bamvua na maji mafu, tafuta ratiba. Ipo kazi nyingine inayopita njia hiyohiyo. Ukipanda polepole na haurudi nyuma, mdogo wangu, tafuta mchanga."

Aliyekulia karibu na mlango wa Ruvuma hahitaji kuelezwa mchanga ni nini. Mto unauleta kutoka bara mwaka hadi mwaka, unautua pale maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi, na njia ya chombo iliyokuwa hapa mwaka jana mwaka huu iko kule. Kivuko cha Kilambo kinasubiri maji kabla ya kuvuka. Machi 1861 Livingstone aliingiza meli yake, Pioneer, ndani ya mto huu. Baada ya maili 30 hivi maji yakaanza kupungua, ikabidi wageuze kabla hawajanaswa. Manahodha wa huku hawaamini macho, kwa kuwa uso wa maji ni uleule penye kina na pasipo na kina. Wanatia bildi: risasi nzito kwenye kamba yenye alama, inashushwa, inasomwa, inapandishwa, chombo kinasogea kidogo, inashushwa tena. Dada alifanya vivyo hivyo, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi ambayo nilikuwa nimeisomea chuoni bila kuipenda.

Bildi ya kwanza aliishusha kwenye ukubwa. Je, tunanakili mzigo mkubwa zaidi? Hilo ndilo jibu la haraka la kila mtu: data zimeongezeka, nunueni seva mpya. Alichukua nakala za logi za Agosti ya miaka mitatu, akaziweka sambamba. Ukubwa ulikuwa karibu uleule. Muda ulikuwa umeongezeka mara kadhaa. Kama ukubwa ungepanda pamoja na muda, angetafuta nani anaandika sana, pengine kazi ya usiku inayojenga upya faharasa zote hata zisizohitaji. Lakini mzigo haukubadilika. Aliandika: *si uzito*.

Bildi ya pili ilikwenda kule zinakotua nakala. Alitengeneza faili lenye ukubwa sawa na nakala ya kawaida, akalipeleka kwa mkono kwenye diski ya mbali kupitia mtandao uleule, saa ileile ya siku. Likafika kwa sekunde chache. Akarudia mara tatu, maana kipimo kimoja ni bahati. Kisha akaangalia kama programu ya kuzuia virusi inasimamisha kila faili jipya ili ilikague; haikuwa hivyo. Aliandika: *si njia, si bandari*.

Bildi ya tatu ilishuka ndani ya logi yenyewe. Kwa nje logi ni faili moja, lakini SQL Server, programu iliyoendesha kanzidata zetu, huigawa ndani kwa ndani katika vipande, na idadi ya vipande hutegemea jinsi ilivyokuzwa. Katika matoleo ya zamani, kila ongezeko dogo lilizaa vipande vinne. Mtu aliyeiacha logi ikue kwa megabaiti 10 kila inapojaa, hadi ikafika megabaiti 40,000, amefanya maongezeko 4,000 na ana vipande 16,000. Kupitia vipande vyote hivyo huichosha mashine, hasa inapoanza kuwaka au inaporejesha data. Dada alikuwa ameshaona hali hiyo kwingine na aliishuku mapema. Alihesabu. Vya kwetu havikufika mia tatu. Nilimwona akitulia kidogo, kisha akaandika kwa mwandiko uleule: *si vipande*.

Nilipenda sana jinsi alivyovipa vipimo vilivyokanusha heshima sawa na vile vilivyothibitisha. Kila sababu iliyoondolewa ilikuwa mwamba uliokwisha kuwekwa alama kwenye ramani, hatarudi kuupima. Wala hakugusa kitu. Siku mbili nzima hakubadilisha mpangilio hata mmoja, ingawa mkuu wetu alipita mara nne kuuliza kama bado. "Nikigusa vitatu kwa pamoja kikapona," alinieleza, "sitajua ni kipi kilichoponya, na mwakani nitavigusa vyote vitatu tena kama dawa ya kienyeji isiyo na kipimo."

Bildi ya nne ndiyo iliyogusa chini. Badala ya kuupima mzunguko wote kwa kipimo kimoja, aliukata. Akaweka muda wa kuanza kwa kila kanzidata kati ya zile 20, muda wa kuanza kunakili, wa kumaliza kunakili na wa kuhamia kwa inayofuata. Tulikaa tukitazama namba zikishuka kwenye skrini. Kunakili kwenyewe kulikuwa sekunde mbili, tatu. Halafu ukimya. Nusu dakika. Kisha ndipo inayofuata ikaanza, sekunde mbili, na ukimya tena. Muda wetu ulikuwa unaliwa kati ya nakala na nakala, mahali ambapo hakuna aliyefikiri kwamba kuna kazi inayofanyika.

Kazi ilikuwepo. Kila nakala inapokamilika, SQL Server huiandika kwenye historia yake, kanzidata ndogo iitwayo msdb: nini kimenakiliwa, lini, wapi, kutoka wapi hadi wapi. Historia hiyo hukaa mpaka mtu aagize isafishwe. Na hati yetu ya kuendesha mzunguko, iliyoandikwa kwa nia njema na mtu aliyekwisha kuhama, kabla ya kila kanzidata iliuliza historia swali moja: nakala nzima ya mwisho ilikuwa lini? Ni swali la busara, maana linazuia kunakili logi isiyo na pa kushika. Mwaka wa kwanza jibu lilikuja papo hapo. Lakini kanzidata 20 mara 96 ni nakala 1,920 kwa siku, 700,800 kwa mwaka, nasi tulikuwa kwenye mwaka wa nne. Kila swali lilikuwa likipitia kumbukumbu zaidi ya milioni mbili, na mistari ya kila kumbukumbu imetawanyika kwenye majedwali kadhaa. Huo ndio ulikuwa mchanga: wenyewe tuliuleta, punje 1,920 kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyepangiwa kuuzoa.

Baadaye nimekutana na ndugu za tatizo lile, na kila mara namkumbuka dada. Wapo wanaobandika nakala zote ndani ya faili moja, moja nyuma ya nyingine. Kila mpya inalazimika kupita zote zilizotangulia ili ifike mwisho. Kwenye PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, logi hukatwa vipande vya megabaiti 16, na kila kipande kinachosubiri kunakiliwa huwekewa kialama ndani ya folda moja. Kabla ya toleo la 15, lililotoka mwaka 2022, mfumo ulipitia folda nzima kila ulipotafuta kipande kinachofuata. Foleni ikirefuka, kutafuta nako kunarefuka, na foleni inazidi kurefuka. Toleo la 15 linaokota hadi vipande 64 kwa mpito mmoja. Majina ni tofauti, umbo ni lile moja: kazi inayolazimika kuhesabu yaliyopita yote kabla ya kuongeza moja jipya. Kazi ya namna hiyo itakwenda vizuri siku ya majaribio, itakwenda vizuri mwaka wa kwanza, na hakuna siku utakayoweza kunyooshea kidole useme ndipo ilipoanza kuugua.

Kupata sababu kulichukua siku tatu. Nilitegemea dakika tano za kufuta, tukapumzike. Akanionya kwamba kufuta nako ni muamala, na muamala huandikwa kwenye logi. Ukiagiza mamilioni yafutwe kwa pigo moja, logi inavimba, historia inafungwa, na nakala zinazotaka kuandikwa humo zinasimama mlangoni. Kwanza aliwauliza wahasibu na wakaguzi kama kuna anayeihitaji historia ile. Akaitoa nakala, akaiweka kando. Kisha akaanza kufuta usiku, kuanzia miezi ya zamani kabisa, kidogo kidogo, na kati ya hatua na hatua akasubiri mzunguko wa robo saa upite salama. Ilituchukua usiku wa siku nne. Usiku wa pili nilisinzia kwenye kiti. Nilipoamka alikuwa amenifunika kanga yake, naye bado anasoma saa.

Mwisho alibakiza historia ya siku 90, akaweka kazi ya kila Jumapili ya kusafisha kilichozidi, na kwenye hati ile akaongeza maelezo kwa Kiswahili chepesi, ili atakayekuja aelewe kwa nini usafi ule upo na asiuondoe akidhani ni takataka. Mzunguko ukashuka hadi sekunde 48.

Nilipiga makofi. Yeye akatoa mashine ya akiba kabatini. "Kasi tumeipata," akasema. "Ukweli bado." Tukachukua nakala nzima ya usiku uliopita, tukairejesha kwenye mashine ile tupu, kisha tukazifuatisha nakala za logi moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, bila kuruka, mpaka ile ya saa nane na robo mchana. Ilikuwa bado wiki moja msimu ufunguliwe. Kilichokuwamo ni upimaji wa majaribio uliofanyika asubuhi ile ghalani, na karani alikuwa ametuletea kitabu chake cha vishina. Dada alishika kitabu, mimi nikasoma skrini. Namba ya stakabadhi, daraja la korosho, kilo. Namba, daraja, kilo. Tulifika kishina cha mwisho, kikalingana, na kwa mara ya kwanza katika siku zile alitabasamu.

Kisha akafungua kijidaftari na kuandika tarehe, na mbele yake: sekunde 48. Kesho yake asubuhi, taa zikiwa kijani na ripoti ikisema yote salama, nilimkuta ameshafika, anaandika tena.